Neno Lisilo na Mamlaka

Mimi ni mkalimani wa kulipwa kwa saa.
Jumatatu natafsiri kisukari, hospitali kuu,
Jumatano notisi za kuhamishwa na madeni ya umeme,
na Alhamisi hii, Leeds, orofa ya tatu,
lifti mbovu, mvua ya Februari haijui kunyesha wala kuacha,
nimeitwa nitafsiri miaka sabini.

Upande ule wa meza: Bwana Thwaite wa wizarani,
treni ya alfajiri kutoka London, karatasi moja
iliyopita mikononi mwa wanasheria wanne ikatoka laini.
Upande huu: Bi Tapkigen
ndani ya koti la kuazima la mjukuu wake,
muuguzi wa zamu ya usiku huko Bradford,
ambaye amesinzia kitini, viatu vya kazi bado miguuni.

Anaanza bila kuulizwa.
Walikuja kabla ya kukama.
Wimbi ghalani liliungua siku mbili, likinukia kama chakula.
Mdogo wangu Kiplel alifia njiani, siku ya tano.
Hatukuwa na jembe.
Tulichimba kwa sufuria.
Jioni tukapikia sufuria ileile.

Kanuni ya kazi yangu ni hii:
akisema mimi, nami niseme mimi.
Basi ni mimi niliyechimba kwa sufuria,
kwa Kiingereza safi, koo kavu,
mbele ya sahani ya biskuti.
Na Bwana Thwaite alipokunjua karatasi yake
nikageuka upande wa pili, nikawa serikali.

Tunatambua, nikasema.
Tunauenzi ujasiri wako.
Tunasikitishwa na yaliyotendeka.

Yaliyotendeka. Hakuna aliyetenda.
Sentensi ina mlango wa nyuma,
na nisijidai, lugha yangu nayo inao,
najua hata komeo lake lilipo.

Bi Tapkigen akaniangalia mimi, si yeye.
Mwanangu, huyu ananipa pole
au ananiomba radhi?
Pole hunipa jirani nikijikwaa.
Hunipa hata mpita njia asiyejua jina langu.
Radhi huomba aliyenipiga ngwara.

Nikatafsiri. Ilinichukua muda,
maana kwao maneno hayo mawili hulala kitanda kimoja,
ikabidi niyaamshe, niyatenganishe,
niyasimamishe mbele ya meza kama mashahidi.
Bwana Thwaite akageuza karatasi.
Nyuma ilikuwa nyeupe.
Alikuwa kijana, nilikuwa sijaliona hilo,
na shingo yake ilikuwa imeiva wekundu.
Sina mamlaka ya neno hilo, akasema.
Lina bei, na bei haijapitishwa.

Mwambie aandike hivyo, akasema bibi.
Kwamba alikuja, akaulizwa, hakuwa na mamlaka.
Aweke na tarehe.
Wakili akanakili. Mjukuu akaamka,
akauliza kama tumemaliza,
hakuna aliyejua la kumjibu.

Tukateremka ngazi, sote, polepole,
bibi na mkongojo wake, ngazi moja, pumzi mbili.
Bwana Thwaite alitangulia kinyumenyume, mikono mbele,
kama mtu anayeshusha kabati la watu,
na kwenye orofa ya kwanza kisigino kikamteleza,
goti likagonga chuma, karatasi zikatawanyika.

Pole, akasema Bi Tapkigen.
Papo hapo, bila kufikiri,
kama unavyomwambia yeyote.

Akainua uso kwangu: amesema nini?

Saa yangu ilikuwa imekwisha dakika kumi na moja zilizopita.
Nikainama tukaokota karatasi pamoja,
zilikuwa na unyevu, zimegandana,
nikamwambia kwamba hilo halihitaji kupitishwa na mtu.
Akalijaribu mdomoni mara mbili,
kama anayejaribu kiatu cha mwingine,
kisha akatufungulia mlango wa mbele,
akabaki ameushika, mvua ikimwingia mkononi,
hata baada ya sisi sote kupita.